Maswali ninayoulizwa mara kwa mara kuhusu atomu, visiwa na sufaktanti

Kila mwaka tukifika kwenye tando nyembamba, maswali yanarudi yale yale. Mengine naulizwa nikiwa ubaoni, mengine njiani tukitoka Kasapa, kwenye kampasi yetu ya Lubumbashi, kwenda mjini, mengine kwa simu saa nne usiku mtihani ukiwa kesho. Nimeyaandika hapa jinsi yanavyoulizwa, na majibu jinsi ninavyoyatoa.

Jambo moja la lugha kwanza. Nikisema "kiini" humu, simaanishi kiini cha atomu, kile chenye protoni na neutroni. Namaanisha kikundi cha kwanza cha atomu kinachoshikana juu ya uso na kukataa kuvunjika. Mwaka mmoja nusu ya darasa ilinijibu kuhusu kile kiini kingine kwenye mtihani, na kosa lilikuwa langu.

Utando mwembamba ni nini, na unatuhusu nini watu wa Lubumbashi?

Ni tabaka la maada lililolazwa juu ya kitu kingine, lenye unene wa kuanzia atomu moja hadi mikromita chache. Unywele wa mtu una kama mikromita 70, kwa hiyo hapa tunaongea kitu ambacho kidole hakiwezi kukihisi. Chipu ya simu, taa ya LED, kichwa kinachosoma diski ya kompyuta, vyote ni tando zilizopangwa moja juu ya nyingine.

Kuhusu sisi: mfano unaorudi kila mara katika somo hili ni jerimani (elementi Ge) juu ya silikoni (Si, ile ya chipu), na jerimani tumeikalia. Madini ya zinki na shaba ya Kipushi, kama kilomita 30 kutoka hapa, yana jerimani ndani yake. Kuna hata jiwe lenye jerimani, renierite, lililotambuliwa mara ya kwanza Kipushi na kupewa jina la mwanajiolojia wa Ubelgiji, Armand Renier. Mawe ya Kipushi yaliyeyushwa miaka mingi kwenye tanuru za mjini, ndiyo maana ule mlima mweusi wa takataka za tanuru, terili yetu, nao una kobalti, zinki na jerimani. Mfano mwingine nitakaoutumia ni kobalti juu ya shaba. Huo sidhani kama mtu wa Katanga anahitaji kuelezwa unamhusu nini.

Mukubwa, atomu inajuaka wapi pa kusimama?

Haijui. Na hili ndilo jambo ambalo wanafunzi wengi wanachelewa kulikubali, kwa sababu picha za vitabuni zinaonyesha atomu zimejipanga kama askari kwenye gwaride.

Kinachotokea ni hiki. Ndani ya chemba iliyotolewa hewa, tunapasha moto kipande cha jerimani mpaka kitoe mvuke. Atomu zinakwenda kwa mstari ulionyooka, zinagonga uso wa silikoni, nyingi zinanasa hapo hapo. Lakini kunasa si kutulia. Chukua trei tupu ya mayai, weka gololi moja, tikisa kidogo kidogo. Gololi inakaa kishimoni, inarukia kishimo cha jirani, inarudi, inaenda upande mwingine. Haina safari maalumu. Joto la uso ndilo mkono unaotikisa trei, na atomu ngeni ndiyo gololi.

Sasa hesabu. Atomu hujaribu kuruka kama mara trilioni 10 kwa sekunde. Tuseme mwinuko kati ya kishimo na kishimo ni wa elektroni-volti 0.5 (elektroni-volti ni kipimo cha nishati kwa vitu vidogo kama atomu). Sehemu ya majaribio inayofaulu ni exp(−E/kT): E ni mwinuko, T ni joto kwa kelvini, k ni namba ya Boltzmann. Kwenye nyuzi 27, majaribio yanayofaulu ni kama 40,000 kwa sekunde. Shusha uso huo hadi nyuzi 123 chini ya sifuri, atomu ile ile itaruka mara moja kwa karibu saa moja na dakika 45. Kwa kelvini tumetoka 300 kwenda 150, nusu tu, lakini mwendo umepungua mara milioni 250. Mtu asiyeishika hesabu hii hatashika kitu kingine humu ndani, kwa hiyo ifanye mwenyewe kwa mkono, usiniamini.

Basi kisiwa kinaanzaje?

Kwa kukutana. Atomu mbili zinazotangatanga zikigusana, zinashikana. Zinaweza kuachana tena, hasa uso ukiwa na joto. Ya tatu ikifika kabla hazijaachana, kikundi kinakuwa kigumu zaidi kuvunja. Kuna idadi ambayo kikundi kikiivuka, kinakua kuliko kinavyopungua. Ukubwa wa mwisho ambao bado si salama tunauita kizingiti. Kizingiti kikiwa 1, maana yake atomu moja peke yake si salama, lakini mbili zikishikana tayari ni kiini. Kwenye joto la chini mara nyingi ndivyo ilivyo.

Mfano ninaoupenda ni soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, alfajiri, kabla mama wa nyanya hawajapanga. Uwanja mtupu. Mama mmoja anazunguka na beseni kichwani akitafuta pa kutandika. Peke yake hakai, nani atamwona? Akikutana na mwenzake, wanatandika pamoja. Wa tatu akipita anajiunga, kwa kuwa wanunuzi wanaenda palipo na watu. Baada ya saa moja una vikundi. Kuanzia hapo mama anayeingia hatafuti tena mwenzake wa kuanza naye, anaenda kwenye kikundi kilichopo. Vikundi vipya vinaacha kuzaliwa ingawa watu wanaendelea kufika.

Juu ya silikoni ni hivyo hivyo. Mwanzoni viini vinazaliwa kwa wingi. Halafu idadi inafika kikomo, atomu ngeni zote zinamezwa na visiwa vilivyopo. Mwishowe visiwa vinagusana na kuungana.

Ni nini kinaamua visiwa viwe vingapi?

Mashindano ya vitu viwili: kasi ya atomu kufika, na kasi ya atomu kutembea. Rudi sokoni. Mama wakiingia mmoja mmoja na uwanja ukiwa mkavu, kila mmoja ana muda wa kutembea mpaka akute kikundi kilichopo: vikundi vichache, vikubwa. Wakishuka hamsini kwa mara moja, na mvua ya Januari imefanya uwanja kuwa tope, hakuna anayefika mbali. Anatandika na yeyote aliye jirani: vikundi vingi, vidogo.

Kizingiti kikiwa 1, wingi wa visiwa unafuata mzizi wa tatu wa uwiano huo, kasi ya kufika ikigawanywa kwa kasi ya kutembea. Ukitaka visiwa mara mbili, itabidi umwage atomu kwa kasi mara 8. Ukipunguza mwendo wa atomu mara 1,000, visiwa vinaongezeka mara 10 na umbali kati ya kisiwa na kisiwa unapungua kama mara 3.2. Kumbuka namba hizo mbili za mwisho, nitazitumia chini.

Vitabu vinaanza na "njia tatu za ukuaji". Wewe mbona huanzi nazo?

Kwa makusudi. Njia tatu zinaeleza atomu zingependa kuwa wapi kama zingekuwa na muda usiokwisha. Hazisemi kama zitafika.

Lakini ni lazima uzijue. Ya kwanza, utando unalala tabaka kwa tabaka, kama chokaa ukutani. Inaitwa ya Frank na van der Merwe. Ya pili, maada haitaki kugusana na uso, inajikusanya matone tangu mwanzo, kama maji juu ya jani la muhogo. Ya Volmer na Weber, 1926. Ya tatu ni ya Stranski na Krastanov, kutoka mwishoni mwa miaka ya 1930: tabaka chache za kwanza zinalala vizuri, kisha ghafla vinainuka vichuguu.

Jerimani juu ya silikoni ni ya tatu, na sababu yake inaonekana ukichukua rula. Hatua ya fuwele, yaani umbali ambao mpangilio wa atomu unajirudia, kwa jerimani ni angstromu 5.658 (angstromu ni sehemu moja ya milioni kumi ya milimita), ya silikoni ni 5.431. Hatua 24 za jerimani zinalingana na hatua 25 za silikoni. Tofauti ni asilimia 4.2 tu, lakini jerimani inalazimishwa kubanana ili ikae juu ya vishimo vya mwenyeji wake. Tabaka moja linavumilia. Mawili, matatu, yanavumilia. Baada ya hapo mbano umejaa, kama mkeka mpana uliolazimishwa kwenye chumba chembamba: unaumuka katikati. Kwenye kilele cha kichuguu atomu zinapata nafasi ya kujinyoosha, ndiyo maana zinakipenda.

Anayetengeneza transista hataki vichuguu. Anataka uwanja wa mpira.

Na sufaktanti ni nini? Ni sabuni?

Jina limetoka huko. Sabuni hukaa juu ya uso wa maji na kupunguza mvutano wake, maji yanasambaa badala ya kujikusanya matone. Jaribu nyumbani. Chukua kioo kidogo cha kunyolea, paka sabuni nusu yake, ifute kwa kitambaa kikavu mpaka isionekane, halafu kishike juu ya sufuria ya maji ya bukari (ugali) yanayochemka. Nusu isiyo na sabuni inajaa vitone na kuwa nyeupe. Nusu yenye sabuni inapata utando wa maji, na uso wako unaonekana. Mvuke ni ule ule, kioo ni kile kile.

Kwenye fuwele, sufaktanti ni tabaka la atomu za aina nyingine, mara nyingi si zaidi ya tabaka moja, linalowekwa kabla ya kuanza kukuza utando. Aseniki, antimoni, bismuti, risasi, indi, hata oksijeni, kila moja na mahali pake. Sifa kubwa ni kwamba haizikwi. Unamwaga jerimani juu yake, yenyewe inapanda na kubaki juu.

Wapo wanaolichukia jina hili, wakisema sabuni haipandi juu ya kitu kigumu. Mimi sina ugomvi nalo, ila nawaonya wanafunzi: mfano wa sabuni unaeleza nusu ya habari, ile ya nishati. Nusu nyingine, ya muda na mwendo, sabuni haina la kusema juu yake.

Sasa ile sufaktanti inabakiaka juu namna gani?

Hapa tuingie karibu kabisa. Mwaka 1989 Copel, Reuter, Kaxiras na Tromp, katika kazi iliyofanyika kwenye maabara ya IBM, walifunika silikoni kwa tabaka moja la aseniki na kukuza jerimani juu yake. Vichuguu vilivyotarajiwa baada ya tabaka tatu au nne havikuja. Utando uliendelea kulala bapa.

Angalia atomu moja ya aseniki. Ina elektroni tano za nje. Inashika silikoni mbili zilizo chini yake, inashika aseniki mwenzake pembeni, mikono mitatu imekwisha kazi. Elektroni mbili zilizobaki zinapumzika pamoja, hazitafuti mtu. Atomu ya silikoni au ya jerimani ikikaa mahali hapo hapo, ina elektroni nne na inabaki na mkono unaoning'inia hewani. Mikono inayoning'inia ni gharama ya nishati. Kwa hiyo uso uliofunikwa aseniki una gharama ndogo kuliko uso mtupu wa silikoni, na pia kuliko uso mtupu wa jerimani.

Jerimani ikitua juu ya aseniki, inajikuta mahali pabaya. Zinabadilishana nafasi: jerimani inashuka chini na kushikwa vizuri, aseniki inapanda na kutulia kama zamani. Nishati ya wote wawili imepungua. Na jerimani ikishaingia chini ya aseniki, kutoka tena ni kazi kubwa. Ili kichuguu kijengwe, mamia ya atomu lazima zihame kutoka tabaka bapa na kupanda mlimani. Aseniki haijaufuta mlima kwenye ramani ya nishati, mbano bado upo. Imefunga barabara ya kwenda mlimani.

Mbano wenyewe unaenda wapi? Utando ukinenepa, unajiachia kwa kasoro ndani ya fuwele. Juu ya uso wa silikoni uitwao (111), namba zinazotaja fuwele imekatwa kwa mwelekeo gani, kwa antimoni, mbano huo unalegezwa na mtandao wa nyufa za mpangilio unaokaa pale pale kwenye mpaka wa silikoni na jerimani, na sehemu ya juu inabaki safi.

Kwa hiyo sufaktanti inapunguza visiwa. Sivyo?

Hapa ndipo karibu kila mtu anaanguka. Mara nyingi inaviongeza. Uso unakuwa laini kwa sababu visiwa ni vingi zaidi.

Nichukue muda. Kuna vitu viwili vinavyoitwa kisiwa. Kichuguu chenye urefu wa tabaka nyingi ni kimoja. Kisiwa bapa, chenye urefu wa atomu moja, ni kingine kabisa, nacho si adui: kila tabaka linalokua tabaka kwa tabaka linapitia visiwa bapa vinavyokua hadi kugusana. Swali ni moja. Atomu ikitua juu ya kisiwa bapa, itashuka ijaze tabaka la chini, au itakutana na nyingine huko juu na kuanza ghorofa ya pili kabla ya ya kwanza kwisha?

Kushuka kuna ushuru wake. Ikifika ukingoni, atomu inapoteza majirani wa upande mmoja kabla haijapata wale wa chini, na hapo kuna kizuizi cha ziada. Kinaitwa kizuizi cha Ehrlich na Schwoebel, kutokana na kazi za mwaka 1966. Kikiwa cha elektroni-volti 0.1, kwenye nyuzi 27 kuruka kushuka kunafaulu kama mara moja kwa kila 48 za kuruka kwa kawaida. Nyingine zote atomu inarudishwa katikati.

Sasa weka kisiwa kikubwa na kisiwa kidogo. Juu ya kisiwa kikubwa, atomu inachukua muda kufika ukingoni, inarudishwa, inazunguka tena, na wakati huo huo eneo ni pana kiasi kwamba atomu ya pili itatua hapo hapo. Zinakutana. Ghorofa ya pili imeanza. Juu ya kisiwa kidogo, atomu inagonga ukingo kila baada ya hatua chache. Inarudishwa mara 48, lakini inagonga mara 100 kabla mwenzake hajatua. Inashuka.

Fedha juu ya fedha, uso wa (111), ni ushahidi mzuri, tena hakuna mbano hapo, ni metali moja juu ya yenyewe. Bila msaada inakua milima. Mwaka 1992 van der Vegt na wenzake wa Uholanzi waliweka antimoni kidogo, na fedha ikaanza kukua tabaka kwa tabaka. Antimoni ilipunguza mwendo wa atomu, visiwa vikawa vingi na vidogo, na vidogo ndivyo vinavyoruhusu kushuka. Zile namba nilizokuambia ukumbuke zinafanya kazi hapa: mwendo ukipungua mara 1,000, kisiwa kinakua hadi theluthi tu ya upana wake wa zamani kabla hakijagusana na jirani.

Kwa hiyo mwanafunzi akiniambia "tupashe moto ili atomu zitembee vizuri, uso ulainike", namuuliza: zitembee wapi?

Basi si tupoze tu uso, tuache sufaktanti?

Swali zuri, na wakati mwingine jibu ni ndiyo. Platini juu ya platini (111) ilionyesha mwaka 1990 kwamba ukishuka joto vya kutosha, ukuaji wa tabaka kwa tabaka unarudi baada ya kupotea kwenye joto la katikati. Shida ya baridi ni kwamba atomu iliyokaa vibaya inabaki imekaa vibaya. Kwa semikondakta hiyo ni hasara kubwa, fuwele inajaa kasoro. Sufaktanti inakupa visiwa vingi huku joto likiwa bado la kutosha kusahihisha makosa.

Kuna hila ya tatu, naipenda kwa ujanja wake. Mwanzoni mwa kila tabaka, mwaga atomu kwa kasi ili viini viwe vingi, kisha punguza kasi visiwa vijazane kwa utulivu. Tabaka likiisha, rudia. Inachosha, lakini haiachi kitu kigeni ndani ya utando.

Je, kila sufaktanti inapunguza mwendo?

Hapana. Juu ya silikoni, Voigtländer na wenzake wa Jülich, Ujerumani, waliziweka kwenye mizani mwaka 1995. Aseniki na antimoni, za kundi la tano la jedwali la elementi, zinafupisha safari ya atomu na kuongeza visiwa. Gali na indi, za kundi la tatu, zinarefusha safari: visiwa vinapungua na kuzunguka kila ngazi ya uso kunakuwa na ukanda mpana usio na kisiwa hata kimoja. Neno ni moja, sufaktanti, kazi mbili zinazopingana. Mtu akikuambia "nimetumia sufaktanti" bila kutaja ipi na juu ya uso gani, hajakuambia kitu.

Shaba na kobalti yetu je?

Sufaktanti yake ni risasi, ile ya betri za magari. Atomu zake ni kubwa, haichangamani na shaba, na uso wake una gharama ndogo ya nishati, kwa hiyo inaelea tu. Kikundi cha watafiti wa Madrid kilifanya kazi hiyo miaka ya 1990 juu ya shaba (111). Atomu ya shaba au ya kobalti inayotua inazama haraka chini ya risasi. Huko chini haitembei kwa kuteleza tena, inakwenda kwa kubadilishana nafasi na atomu za uso, na hiyo ni safari ya pole pole. Visiwa vinaongezeka, tabaka zinajipanga.

Faida yake ni sumaku. Mwaka 1988 Albert Fert wa Ufaransa na Peter Grünberg wa Ujerumani waligundua, kwa tabaka za chuma na kromi, kwamba ukipanga tabaka za sumaku na zisizo za sumaku, ukinzani wa umeme unabadilika sana sumaku ya nje ikija. Walipata Nobeli mwaka 2007. Kobalti na shaba hufanya jambo hilo hilo, mradi kila tabaka liwe na unene ule ule kila mahali. Vichuguu vikitoboa kutoka kobalti moja hadi nyingine, umepoteza kila kitu.

Kobalti inatoka hapa kwa magunia na malori, na huko mwisho wa safari mtu anaipanga atomu moja moja. Sina la kuongeza juu ya hilo, ila huwa nalifikiria nikikuta malori yamesimama foleni njia ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia.

Sufaktanti haibaki ndani kabisa?

Inabaki kidogo. Hakuna kubadilishana kunakofaulu mara zote, na antimoni au aseniki iliyozikwa ndani ya silikoni inatoa elektroni ya ziada: umefanya semikondakta ya aina ya n bila kuomba. Ndiyo malalamiko makubwa ya watu wa viwanda. Na aseniki ni sumu, naongeza hilo kwa wale wenye mikono myepesi.

Visiwa vinaonekana kwa chombo gani?

Kwa darubini ya sindano, ile ya Binnig na Rohrer wa IBM Zürich, 1981. Sindano inapita karibu sana na uso bila kuugusa, mkondo mdogo wa umeme unavuka pengo, unapata picha ya kila kisiwa. Wakati wa kukuza wenyewe, watu hutumia miale ya elektroni inayopigwa kwa pembe ya chini sana. Uso ukiwa laini mwanga unang'aa, tabaka likiwa nusu unafifia, likijaa unang'aa tena. Unahesabu tabaka kama mapigo ya moyo. Mapigo yakifa mapema, vichuguu vimeanza.

Kwa nini chemba lazima iwe tupu kiasi hicho?

Kwenye shinikizo la sehemu moja ya milioni ya torri (torri ni kipimo cha shinikizo), hewa iliyobaki inaweza kufunika uso wako kwa tabaka zima ndani ya sekunde moja. Kwenye torri 10⁻¹⁰ unapata karibu saa tatu.

Mashine kama hizo hatuna. Tunaweza kufanya nini?

Kompyuta ya mkononi inatosha, na sisemi hivi kuwafariji. Njia inaitwa Monte Carlo ya mwendo. Chora uwanja wa mraba wa vishimo 200 kwa 200. Kila atomu ipe orodha ya miruko inayowezekana, kila mruko na kasi yake kutoka ile hesabu ya elektroni-volti. Chagua mruko mmoja kwa bahati nasibu, wenye kasi kubwa ukiwa na nafasi kubwa zaidi. Ufanye. Sogeza saa mbele. Rudia mara milioni kadhaa. Kufika kwa atomu mpya nako ni tukio kama mengine.

Makosa mawili, yote nimeyafanya mimi. La kwanza, sikuunganisha kingo za uwanja, yaani atomu ikitoka kulia iingie kushoto. Zangu zilikuwa zinadondoka pembeni, na kwa wiki nzima nilishangaa kwa nini visiwa haviongezeki, mpaka nilipohesabu atomu nikakuta karibu thuluthi hazipo. La pili, niliacha mashine ikihesabu usiku kucha bila kuhifadhi matokeo njiani. Saa kumi na moja alfajiri umeme ukakatika, betri ya kompyuta ilikuwa imekufa zamani, na saa kumi na moja za hesabu zikaenda. Hifadhi kila dakika kumi.

Sufaktanti usiiweke kama atomu mwanzoni. Ongeza tu mwinuko wa kuruka, toka 0.5 hadi 0.6, na acha kizuizi cha ukingo kilivyo. Tazama skrini wakati tabaka la kwanza limefika nusu: visiwa vidogo vingi, na juu yao karibu hakuna kitu. Kisha rudisha 0.5, anza upya kwa mbegu ile ile ya bahati nasibu, yaani namba ile ile inayoanzisha bahati nasibu ya kompyuta. Visiwa vitakuwa vichache na vipana, na katikati ya kile kikubwa kuliko vyote utaona nukta mbili zimeshikana.

Hapo piga picha ya skrini, uniletee.